Hofu ya Kuanza Sindano ya Kisukari

(Maneno ya mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa Chumbageni)



Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Nimechagua jambo ninalolijua kwa mwili wangu. Mimi ni mtumishi wa Serikali, nina miaka 46, na nina kisukari. Kwa miaka saba nilitumia vidonge. Siku daktari aliponiambia kuwa vidonge havitoshi tena na yafaa nianze insulini, usiku wake sikulala.

Niliogopa nini? Si maumivu. Niliogopa maneno ya watu. Mitaani husemwa kwamba aliyeanza sindano ndiyo basi tena, na kila mmoja wetu anaye jirani wa kumtolea mfano: kaanzishwa Jumatatu, kazikwa Ijumaa. Ndugu zangu, Baiolojia tuliisoma katika madarasa haya haya, basi tupime. Jirani yule alifikishwa hospitali mwili umekauka maji, kidonda cha mguu kimeoza. Sindano ilimkuta keshachelewa. Kuilaumu ni kama kusema gari la zimamoto ndilo lichomalo nyumba, kwa kuwa kila penye moto huliona limesimama.

Insulini hutengenezwa na kongosho katika mwili wa kila mtu aliyeketi hapa. Kongosho lisipotoa ya kutosha, tunaiongeza kutoka nje. Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepata kisukari cha utotoni alikuwa wa kungojewa kufa tu. Januari mwaka ule, mjini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini ya Banting na wenzake. Ya kwanza haikumfaa. Wakaisafisha, wakamdunga tena baada ya siku 12, sukari ikashuka. Aliishi hadi 1935.

Hofu nyingine ni ya kwetu hapa. Madawa ya kulevya yamewaharibu vijana wengi wa Pwani, na mtu akikukuta ofisini umepandisha shati, sindano mkononi, jina utalipata. Mimi niliwaambia wenzangu mapema, tena kwa sauti. Siku mbili walinitazama. Ya tatu wakaanza kuniuliza habari za shangazi zao.

Ama sindano yenyewe, ya kalamu yaweza kuwa na urefu wa milimita 4 tu. Si ile ya penisilini tuliyokuwa tukiikimbia utotoni. Unajidunga tumboni au pajani, ukibadilisha mahali. Mara ya kwanza mkono ulinitetemeka. Muuguzi hakunishika, alisubiri tu, na nilipothubutu ikawa imekwisha kabla sijahesabu tatu.

La kuangaliwa zaidi ni sukari kushuka mno: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Basi usitembee bila peremende au sukari mfukoni. Tena kuna joto. Insulini nyingi zikishafunguliwa hukaa kama wiki 4 nje ya jokofu, mradi joto lisizidi nyuzi 30, na Februari ya Tanga mnaijua. Asiye na jokofu atumie chungu ndani ya chungu, mchanga wa maji katikati, kivulini. Wanaofunga Ramadhani wamwone daktari kabla ya mwezi kuandama, maana kiasi na saa hubadilika, na wengine wataambiwa wasifunge.

Nanyi vijana, mkiwa na mwenzenu bwenini anayejidunga, msimfichie dawa kwa mzaha. Mwenye kisukari cha utotoni akiikosa kwa siku chache tu aweza kufa.

Nimekuja na kalamu tupu isiyo na dawa, na sindano mpya. Baada ya chai nitakuwa pale chini ya mwembe. Aliyeambiwa aanze na bado anajiuliza, aje aishike.