Kaburi Kando ya Mto Shire

Asubuhi ya leo twawaomba mfungue Biblia zenu, Matendo ya Mitume, sura ya 16, tangu mstari wa 6 mpaka wa 10. Humo twasoma jinsi Paulo na wenzake walivyoshika njia moja wakazuiwa, wakajaribu njia ya pili wakazuiwa tena, mwisho wakajikuta Troa, na mbele yao bahari. Sisi wahubiri tukifika hapo hukimbilia Makedonia upesi, maana ndiko yanakoanza mambo ya furaha. Leo twataka kukaa kidogo na wale watu wa nchi ambayo Paulo aliipita bila kuhubiri.

Mwezi wa Agosti 2024 tulikuwa makasisi watatu wa Kenya, wageni wa Kanisa huko Blantyre, Malawi. Mkutano ulipokwisha tukabakiwa na siku mbili. Tukamwomba kasisi mwenyeji wetu atupeleke katika bonde la mto Shire, tuone mahali alipozikwa Askofu Mackenzie. Motokaa ilikuwa kuukuu, na mmoja wetu (hatutamtaja) alifumba macho tangu kona ya kwanza ya mteremko mpaka ya mwisho. Tulitoka Blantyre tukiwa na masweta. Kufika Chikwawa sote tumeyavua.

Mto Shire hutoka Ziwa Malawi, ukashuka maporomoko mengi, kisha hutulia katika bonde hili na kwenda polepole kuutafuta Zambezi. Tulipita mashamba ya miwa ya Nchalo, yamenyeshewa vizuri na kustawi. Baada ya hapo tukaona mashamba ya wanavijiji, na mabua ya mahindi yamesimama makavu yasiyofika kiunoni. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekosekana. Tukafika Bangula, motokaa ikabaki pale. Mafuriko ya Januari 2015 yalikuwa yameikata barabara ya kwenda Makhanga ng'ambo, nasi tukavuka kwa mtumbwi, kila mtu amekaa kimya kama mtoto wa Kipaimara mbele ya askofu. Tukamaliza safari kwa baiskeli za kubeba abiria hadi Chiromo, mahali ambapo mto Ruo, utokao mlima Mulanje, huingia katika Shire.

Huenda wengine hamjui habari za Mackenzie. Aliwekwa wakfu kuwa askofu mjini Cape Town tarehe 1 Januari 1861, akaongoza watu wa kwanza wa misheni ya UMCA. Mwezi wa Julai mwaka huohuo, wakiwa pamoja na Livingstone, walikutana na msafara wa watumwa karibu na kijiji cha Mbame, wakawakata kamba watu 84, wengi wao wanawake na watoto. Wengi wa watu hao wakawa ndio kundi la kwanza la misheni huko Magomero. Askofu pia alishika bunduki kuwatetea, jambo ambalo Kanisa limebishana juu yake tangu siku hizo, wala hatutalimaliza sisi katika dakika zetu chache.

Kisha akaahidiana na Livingstone wakutane hapa Ruo inapoingia Shire, mwanzo wa Januari 1862. Mackenzie na kijana Burrup walichelewa njiani. Mtumbwi wao ulipinduka usiku, na dawa zao zote zikaenda na maji. Walipofika, Livingstone alikuwa amekwisha kupita kuelekea pwani. Wakangoja katika kisiwa cha Malo, bila dawa, wakati wa masika. Homa ikamshika askofu, naye akafa tarehe 31 Januari. Burrup akamzika giza likiingia. Mwezi haukupita kabla yeye mwenyewe kufa.

Askofu aliyemfuata, Tozer, aliona bonde hili litawamaliza, na mwaka 1864 misheni ikahamia Unguja. Hapo ndipo Steere, aliyefuatana naye, alipoanza kazi kubwa ya Kiswahili. Sarufi yake ilitoka mwaka 1870, akatafsiri na Agano Jipya. Sisi wa Kenya tulilelewa na CMS, nasi tunaye Krapf wetu wa Mombasa, lakini ni nani kati yetu asiyekula matunda ya Steere? Kwa hiyo tulizoea kusema chuoni kwamba Bwana aliufunga mlango wa Shire ili aufungue wa Unguja. Tulikwenda Chiromo na maneno hayo mdomoni tayari.

Karibu na kaburi alikuwapo bibi mmoja, akianua mboga alizoanika juani. Tukamsalimu, mwenyeji wetu akafasiri. Akasema, "Abusa," yaani wachungaji, "wageni wakija hapa huuliza kaburi liko wapi. Wakiisha kuliona huondoka. Sisi hatuulizwi kitu."

Tulitazamana. Mwenzetu aliyekuwa na kamera akairudisha mfukoni. Tukaketi chini.

Akatusimulia habari za Machi 2023, tufani iitwayo Freddy ilipokuja. Serikali ilihesabu zaidi ya watu 600 waliokufa katika Malawi, na mamia wengine hawakuonekana. Mjukuu wake alikuwa miongoni mwa hao wasioonekana. Yeye alikaa juu ya mti usiku na mchana. Nyumba ilikwenda, mbuzi walikwenda. Mwaka uliofuata maji hayakuja kabisa. Tukamwuliza, kama wengi waulizavyo, kwa nini hawahamii mlimani. Akajibu kwamba mlimani kuna wenyewe, na kwamba mto ukirudi nyuma huacha udongo mweusi ambao mahindi huota ndani yake bila mvua. Wao huliita shamba la namna hiyo dimba. Bibi akatuonyesha lake. Lilikuwa dogo kama uwanja wa kanisa letu, na lilikuwa kijani.

Kisha akatuandalia chakula. Kilikuwa nyika, mizizi ya yungiyungi inayochimbwa majini, nao huila wakati wa njaa. Sisi tuliokulia viazi na maharagwe ladha yake ilitushinda kidogo, lakini tulijua kwamba hakuwa na kingine, tukala mpaka sahani ikawa tupu.

Ndipo tukawakumbuka wale 84. Tozer alipoondoka hakukubali kuwachukua. Mmoja wa wamisheni, Waller, alijiuzulu kwa ajili ya jambo hilo, akawapeleka baadhi yao Cape Town kwa jitihada zake. Wengine walibaki mtoni. Vitabu vyetu vinaeleza vizuri misheni ilikokwenda. Juu ya waliobaki vina mistari michache. Hatusemi Tozer alikosa. Watu wake walikuwa wakifa. Lakini tuliona haya kwamba kwa miaka yote tulimshukuru Mungu kwa mlango uliofunguliwa Unguja bila hata mara moja kuwaombea walioachwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Jua likateremka, nasi tulipaswa kuvuka kabla ya giza kwa sababu ya viboko. Tukaomba pamoja naye. Tulipoinuka akauliza, "Mtarudi?"

Tukamjibu kama makasisi: "Mungu akipenda."

Bibi akacheka sana, akasema jambo kwa mwenyeji wetu. Tulipokuwa ndani ya mtumbwi tukamwuliza alisema nini. Alisema, "Na wale wa zamani walijibu hivyohivyo."

Tuombe.

Ee Bwana, wewe uliyekuwa Shire kabla ya askofu yeyote, nawe hukuhama. Twakuomba kwa ajili ya watu wa Chiromo, Makhanga na Bangula, na bibi yule ambaye jina lake tumeliandika katika daftari letu. Mvua za mwaka huu ziwe za kiasi. Mlinde katika mti wake. Nasi tuliokula chakula chake, utuondolee uzito wa miguu. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.