Fundi wa Lami na Cheti Chake
(Hotuba mbele ya wanachama)



Tazameni ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo, kupita katikati ya mji, hadi Westlands. Magari yapita, nani auliza greda na rola ziliendeshwa na nani?

Kazi hii si ya nguvu tu. Lami huletwa na lori ikiwa moto, kama digrii 150. Ikipoa kabla ya kushindiliwa, haishikani, na mvua huitoboa. Rola ikisimama juu ya lami moto, huacha bonde. Haya wengi wetu tumejifunza kwa kutazama, lakini cheti hatuna. Kazi ikiisha, twarudia koleo.

Basi sikilizeni. Mtihani wa ufundi wa Serikali, chini ya NITA, una daraja tatu, na aliyejifunza kazini aweza kuufanya. Chuo cha KIHBT hufundisha waendesha mitambo. Tena sheria yamtaka mwajiri alipe shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi, ziwe za mafunzo. Akitupeleka kujifunza, aweza kuomba kurudishiwa gharama.

Kwa hiyo tumwendee mwajiri pamoja, si mmoja mmoja, tumwulize: mwaka huu atapelekwa nani? Na wewe uliyekwisha kuijua mashine, usimfiche kijana anayeshika koleo kando yako.

Umoja ni nguvu.