Maduka ya Likasi: nani anaamua?

Ubishi wa maduka ya katikati ya mji haukuanza leo. Likasi, mji wetu wa Kongo, ilipoitwa Jadotville, maduka makubwa yalikuwa ya wageni, Wagiriki wakiwemo. Novemba 30, 1973 Rais Mobutu akatangaza kuwanyang'anya wageni biashara na kuwapa Wazaire. Wengi waliogawiwa waliuza mali iliyokuwamo, basi. Rafu zikabaki na vumbi.

Siku hizi ubishi ni mwingine: kibaraza cha zamani mbele ya duka kikizibwa ili duka lipate mita mbili zaidi, lawama zinamwangukia mwenye duka. Mimi natazama kwingine. Sheria ya Oktoba 2008 inataka mji uwe na baraza la washauri, nalo ndilo limchague meya. Lakini baraza hilo bado halipo, meya anateuliwa kutoka Kinshasa, na ardhi, tangu sheria ya Julai 1973, ni mali ya Serikali. Basi mkaaji wa komini ya Kikula au Panda asiyependa ujenzi fulani amwendee nani? Mshauri wa kumnyima kura hana. Anaandika barua, anagongewa muhuri wa kupokelewa, anarudi nyumbani. Saruji kwenye ujenzi haimngojei.