Kura ya Pili Katika Mji wa Chicago



Leo twataka kuwaeleza habari za uchaguzi wa Meya wa Chicago, Marekani, mwaka 2023, kwa sababu aliyeshinda alitoka katika chama cha wafanyakazi.

Kwetu Kenya gavana hushinda akipata kura nyingi kuliko wenzake, hata zisipofika nusu. Chicago sivyo. Asipopatikana mwenye kupita nusu, wawili wa mbele hurudi kupigiwa kura wao peke yao.

Tarehe 28 Februari walisimama watu 9. Bwana Paul Vallas, aliyewahi kuwa mkuu wa shule za mji, alipata kura kama 33 katika kila mia. Bwana Brandon Johnson, mwalimu aliyefanya kazi katika Chama cha Walimu, alipata 22 hivi. Bibi Lori Lightfoot, aliyekuwa Meya, akawa wa tatu, akatoka. Chama cha polisi kilikuwa upande wa Vallas. Chama cha walimu na kile cha wauguzaji kilikuwa upande wa Johnson.

Mtu aliyeachwa nyuma hivyo angeweza kukata tamaa. Lakini wanachama hawakulala. Kwa wiki 5 walikwenda mlango kwa mlango wakizungumza na majirani. Tarehe 4 Aprili Johnson alipata 52, Vallas 48. Tofauti ilikuwa kura elfu 26 hivi, katika mji wenye watu zaidi ya milioni 2 na nusu.

Sasa sikilizeni jambo lililo zito. Katika kila watu 100 walioandikishwa, waliopiga kura hawakufika 40. Waliokaa nyumbani walikuwa wengi kuliko waliowapigia wote wawili. Hawakuchagua mtu, lakini walitawaliwa kama wengine.

Tena, ushindi si mwisho wa kazi. Walimu walipitisha mkataba wao mpya Aprili 2025, karibu miaka 2 baada ya mwenzao kuapishwa, na baada ya majadiliano marefu. Hata Meya akiwa ndugu yako, meza ya mapatano ina pande mbili.

Basi ndugu, siku ya kuchagua viongozi wa matawi yetu, asiseme mtu, "Kura yangu moja itafaa nini?" Haba na haba hujaza kibaba. Njoni nyote, na baada ya kuchagua, msiwaache viongozi wenu peke yao.

Umoja ni nguvu.