Wageni wa Vuli Katika Ukambani

Wasikilizaji, mazungumzo haya yahusu wageni wasiopiga hodi. Kila mwaka, katika miezi ya Novemba na Desemba, wakati mkulima wa Kitui na Makueni amekwisha kupanda ndengu zake naye anatazama mawingu, huwasili ndege waliozaliwa Ulaya, Urusi, Iraki na hata Uchina. Kwao majani yamepukutika na wadudu wametoweka kwa baridi. Huku mvua zimeanza na chakula ni tele. Yafahamika kwamba katika Ukambani mvua za vuli ndizo za kutegemewa kuliko zile za masika. Basi mkulima na ndege hungojea wingu lile lile.

Mtu atakaye kuwaona wageni hawa na kuwapiga picha yampasa kuianza siku yake usiku. Kutoka Mtito Andei, mji ulio katika Makueni kando ya barabara kuu ya Mombasa, huingia mbuga ya Tsavo Magharibi na kufika vilima vya Ngulia. Hapo pana hoteli iliyofunguliwa mwaka 1969, yenye taa kali zinazomulika mahali pa kunywea wanyama. Usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka juu ya vilima, ndege wanaosafiri kwenda kusini hupotewa na njia, wakaijia ile nuru kwa wingi kama mvua ya mawe. Tangu mwaka ule ule wa 1969 wataalamu wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu nyembamba, wakiwapima bawa na uzito, wakiwavika pete ndogo ya madini mguuni, kisha wakiwaachilia. Ndege waliovikwa pete huko ni laki kadhaa, na baadhi yao wamepatikana tena Urusi na nchi za Arabuni.

Mpiga picha hupata nafasi fupi tu, ndege akiwa mkononi mwa mtaalamu, nayo haifai kurefushwa. Ndege aliyechoka asishikwe kwa ajili ya picha nzuri.

Aliye mwingi kati yao ni ndege mdogo wa kahawia wa vinamasi vya Ulaya, mwenye uzito wa gramu 12 hivi. Kwa sura hana uzuri wa kusifiwa. Ajabu yake iko kooni. Mtaalamu mmoja, Françoise Dowsett-Lemaire, aliwasikiliza ndege hawa Ubelgiji, na katika mwaka 1979 akaeleza kwamba huimba kwa kuiga sauti za ndege wengine. Alihesabu aina 212 zilizoigwa, na katika hizo 113 zilikuwa za ndege wa Afrika. Maana yake, mtu aliyeketi kando ya mto wa Ubelgiji asubuhi ya mwezi wa Juni husikia sauti za porini kwetu, asijue.

Yuko nduguye adimu, ndege wa matete wa Basra. Makao yake ya kuzalia ni vinamasi vya kusini ya Iraki, baina ya mito Hidekeli na Furati, na huko Ngulia hunaswa mara kwa mara. Katika miaka ya 1990 serikali ya Saddam Hussein ilijenga kuta za udongo na mifereji ili kuyageuza maji, na sehemu kubwa mno ya vinamasi hivyo ikakauka. Wenyeji walihama, na ndege wakakosa matete ya kujengea viota. Tangu mwaka 2003 wenyeji walianza kuzibomoa kuta, maji yakarudi mahali pengi ingawa si pote. Ndege huyo angali katika hesabu ya walio hatarini kutoweka.

Jambo la maji kupotea si geni Ukambani, ijapokuwa sababu yake ni nyingine. Jua likipanda, mpiga picha aweza kuuacha ukungu wa Ngulia na kwenda upande wa Mto Athi, ambao kwa masafa marefu ndio mpaka wa Kitui na Makueni. Huko ajihadhari na mamba. Lakini penye ndege wengi zaidi pengine ni katika mito midogo ya mchanga iingiayo humo. Wanawake wakiisha kuteka maji katika visima vilivyochimbwa mchangani, na punda wakiondoka na madumu yao, hushuka kitwitwi, njiwa, na yule ndege mgeni mwenye kifua cha njano atikisaye mkia. Akae kimya, jua likiwa mgongoni mwake, na ndege watakuja wenyewe.

Mchanga ndio ghala ya maji hayo, nao umekuwa ukichukuliwa kwa malori kwenda kujengea majumba mjini. Mto ukibaki mwamba mtupu, maji ya mvua hupita yote kwa siku chache, na visima hukauka. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga wake. Mahali pengi, katika kaunti zote mbili, watu wamejenga kuta za mawe na saruji kukata mto ili mchanga ujae nyuma yake. Walijenga kwa ajili ya maji ya nyumbani. Ndege nao wamefaidi.

Alasiri, dhoruba ikikaribia na kumbikumbi wakitoka ardhini, yafaa kutazama juu. Kozi wadogo wa Amur, wenye miguu myekundu, hutoka Siberia na Uchina, wakapitia Bara Hindi, kisha wakaivuka bahari kwa upepo ule ule wa kaskazi uliokuwa ukileta majahazi pwani. Mwaka 2012, huko Nagaland, waliuawa kwa maelfu kwa nyavu; mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe waliacha. Mkulima ana haki ya kuwachukia kwelea kwelea walao mtama wake, lakini kozi huyu hagusi nafaka.

Na yeyote aokotaye ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, asiitupe. Aandike namba yake, mahali na tarehe, apeleke habari Makumbusho ya Taifa, Nairobi.