Nesi Naye Apimwe

Juma hili nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulisemea pembeni: kansa ya mlango wa kizazi. Akina baba nao wasizime redio, maana wana wake, dada na mabinti.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, natafuta kitambaa cha sare ya harusi. Nikakutana na shoga yangu tuliyesoma pamoja, nesi wa miaka ishirini na zaidi, ametoka zamu ya usiku. Tukashuka kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja kuelekea Posta, naye njia nzima ananipa somo. Kwamba ugonjwa huu huletwa na virusi vya papiloma, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Kwamba huweza kukaa kimya miaka kumi au zaidi kabla ya kugeuka kansa, na damu isiyo ya kawaida ikianza kutoka, mara nyingi mambo yameshakwenda mbali. Ndiyo maana mwanamke wa miaka 30 hadi 50 hupimwa hata kama hasikii maumivu yoyote, na mwenye virusi vya UKIMWI hupimwa mara nyingi zaidi.

Nikamwuliza, "Shoga, na wewe ulipima lini?"

Akacheka. Kisha akatazama upande wa barabara. Hajapima hata mara moja.

Hayuko peke yake. Uchunguzi uliofanywa kwa wauguzi 137 wa hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania, ukachapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba zaidi ya wanane katika kila kumi hawakuwahi kupimwa. Waliokuwa na ujuzi wa kutosha kuhusu chanzo cha ugonjwa hawakufika nusu. Na hao ndio tunaowaendea kuuliza!

Lakini shoga yangu alijua kila kitu. Kilichomzuia ni kingine. "Nikipanda kile kitanda," aliniambia, "anayenipima ni mtu ninayekunywa naye chai saa nne. Kesho nitamtazamaje?" Tukaenda hatua kadhaa, akaongeza: "Halafu mimi nimewauguza. Najua mwisho wake." Sikuwa na jibu. Tumezoea kudhani kwamba elimu ikishaingia kichwani, miguu itafuata yenyewe.

Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko maneno yake. Mlango wa kizazi hupakwa siki iliyozimuliwa, ikasubiriwa kama dakika moja. Penye dalili ya hatari hugeuka peupe, na mara nyingi huweza kutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa kwa baridi au kwa kuunguzwa kwa joto. Siki, ndugu zangu, ile ile ya kachumbari! Hata hivyo, makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalisema wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania waliugua kansa hii mwaka huo, na zaidi ya 6,000 walikufa.

Mabinti zetu wana bahati. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wenye miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Sisi mama zao tumebaki na siki.

Tulipofika Posta nilimwambia: kama aibu ni ya wenzako wa kazini, twende usikojulikana. Ocean Road si mbali na pale, kwenye majengo ya hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, ambayo tangu 1996 ni taasisi ya kansa. Akaniuliza swali nililokuwa naliogopa tangu Kariakoo: "Na wewe je, ulipima lini?"

Jumanne tulikwenda wote wawili. Mimi nilitangulia kuingia. Nesi wangu alisema anataka kwanza kuiona sura yangu nikitoka.