Kumkumbuka Nkambo wa Kijapani katika Nchi ya Ugeni



Katika jubilei hii tunawashukuru wazee wetu. Naomba tumkumbuke pia nkambo mmoja wa mbali: mama mzee wa Kijapani aliyehamia Marekani. Simtaji jina, kwani walikuwa maelfu wenye maisha kama yake.

Wengi wao walivuka bahari kabla ya mwaka wa 1920, wakiolewa na wanaume waliowajua kwa picha tu. Walilima mashamba ya California, lakini sheria ya 1913 iliwakataza kuyanunua. Uraia nao walinyimwa hata 1952. Mwaka wa 1942, wakati wa vita, serikali iliwahamisha watu wa asili ya Kijapani wapata 120,000, ikawafungia kambini. Nkambo akaondoka na mizigo aliyoweza kuibeba mikononi, basi.

Walipofunguliwa, wengi walinyamaza. Watoto na wajukuu ndio waliouliza, wakadai haki. Mwaka wa 1988 serikali iliomba radhi, ikaahidi dola 20,000 kwa kila aliyefungwa, lakini kwa wale tu waliokuwa hai siku sheria ilipotiwa sahihi. Malipo yalianza 1990, wazee kupita wote wakitangulizwa. Wankambo wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Ndugu wapenzi, heshima iliyochelewa humkuta mzee kaburini. Basi tuketi karibu na wazee wetu wangali hai, tuwaulize habari za safari yao, na tuwasikilize hata mwisho.